Saa Tisa Usiku, Mwaka wa Sabini

Usiku ule Nyamwamba ulishuka na mawe yake,
yakagongana chini ya maji
hadi sufuria za Ithungu zikaitikia kabatini.
Umeme ulikatika. Ukarudi. Ukakatika tena.
Na kompyuta yangu, ubao usiojaza kiganja,
niliyoifungia sandukuni juu ya daraja
ipime kina cha mto kila dakika,
ilizima, ikawaka, ikajiuliza ni lini,
isijue.

Siku zote iliulizia saa mtandaoni,
kama mtoto anayetumwa kwa jirani mwenye saa ya ukutani.
Usiku ule mnara nao ulilala. Jirani hakufungua.
Basi ikarudi hesabu zake zilikoanzia:
Januari mosi, mwaka wa sabini,
saa tisa usiku kwa majira yetu.
Ikaendelea kuandika, bila aibu:
mita moja.
Mita moja na nusu.
Mita tatu na robo.
Kisha kipimo kikaenda na maji.

Asubuhi nikakuta mafuriko mazima kwenye kadi,
hayakupungua tone,
ila yalitokea kabla sijazaliwa.

"Yalifika saa ngapi?" akauliza afisa wa wilaya,
kalamu mkononi, buti mpya.
Muhindo wa kinu akasema saa sita.
Mlinzi wa kanisa, saa nane na ushei.
Ithungu, mbuzi wake wanne hawapo,
akasema: "Yalifika yalipofika."
Nami mwenye mashine nikanyamaza.
Maji yakimwagika hayazoleki, tunajua.
Tarehe je?

Kwetu jina ni foleni:
binti wa kwanza Masika, wa pili Biira,
wa tatu mimi, Kabugho.
Ukiniita umeshajua nilikuja nyuma ya nani.
Lakini namba zangu zilikuwa watoto wa mama aliyesahau
nani alitangulia.

Mwaka wa sabini baba alikuwa na miaka kumi na tisa,
taa kwenye kofia, akishukia shaba ya Kilembe.
Saa ya bonde zima ilikuwa king'ora cha mgodi;
kikilia, wanaume humalizia uji wamesimama.
Nikiwa nimekaa na kadi ile yenye matope
nilitamani kidogo kuiamini:
kwamba maji yaliwapitia wao, si sisi,
na baba amerudi zamu, anakamua soksi mlangoni.
Lakini huwezi kumwambia mtu wa bondeni ahame
kwa saa ya marehemu.

Kijisaa kilikuja na basi kutoka Kampala,
kipande cha ukucha kwenye pakiti ya plastiki.
Betri niliipata kwa Thembo, fundi saa wa Kasese,
mviringo, bapa, kama kifungo cha koti.
"Saa yenyewe haina uso?" akashangaa,
akiigeuza chini ya kioo chake cha jicho.
"Haina."
"Wala mishale?"
"Wala mishale."
"Sasa itamwambia nani saa?"
Nikamwambia: itaambiana na mwenzake gizani.
Akacheka, akanipunguzia mia tano.

Nyaya nne tu: wa moto, wa ardhi,
na mbili za mazungumzo.
Nikaiandikia wakati mara moja, polepole.
Nikaagiza ubao, kabla haujashika kazi yoyote,
uulize pale kwanza.

Halafu nikachomoa umeme kwa makusudi.
Nikaenda nyumbani, nikala viazi, nikalala vibaya.
Siku ya tatu nikarudi, nikachomeka.
Kioo kikawaka: Alhamisi,
saa mbili kasorobo asubuhi.
Nikatazama mkono wangu. Saa mbili kasorobo.
Siku mbili nzima kifungo kile kilikuwa kikihesabu peke yake,
hakuna aliyekitazama.

Kwenye mfuniko nimeandika kwa kalamu ya wino mzito
tarehe ya kuweka betri,
maana nayo ina siku zake.
Chini yake nikaongeza jina,
ili atakayenifuata ajue wa kulaumu:
Kabugho, wa tatu.