Saa Tisa za Usiku, Bei Imeshuka

Kila jioni mwanangu Taavi hunipigia simu, hunisomea kesho:
saa mbili asubuhi, umeme ghali kuliko siagi;
saa kumi na mbili jioni, mama, usiguse hata swichi;
saa tisa za usiku, upepo wa bahari ukizungusha mapanga ya mitambo,
karibu na bure.

Basi mimi, Virve wa Haapsalu, miaka sabini na mitatu,
nimejifunza kulala kwa vipande.

Theluji imefika kwenye vioo vya chini.
Vyumba viwili nimeiachia baridi,
ikae humo kama mpangaji asiyelipa,
nami nimehamia jikoni na kitanda, redio na paka.
Mlangoni nimelaza soksi ndefu ya marehemu Heldur, nimeijaza mchanga.
Leo hii anazuia upepo,
kazi aliyoikwepa miaka arobaini.

Friji niliichomoa Novemba:
maziwa yanakaa kati ya vioo viwili vya dirisha,
yakitazama barabara.
Chai ni kikombe kimoja, na maji ni ya kikombe kimoja.
Viazi vikianza kulainika, nazima jiko,
nairukia sufuria kwa blanketi
kama mtoto aliyetoka kuoga,
viive vyenyewe humo gizani,
polepole, bila shahidi.

Lakini saa tisa!

Saa tisa mashine inanguruma, shuka zinapinduka,
tanuri linapokea mkate mweusi,
na mimi, nimevaa sweta mbili, nasimama mbele yake
kama mtu aliyealikwa arusini.

Nilidhani mwizi wa usiku ni mimi peke yangu.
Nikachungulia ng'ambo ya ua.
Jengo zima linawaka!
Bwana Uku anapiga pasi suruali, kofia ya manyoya kichwani.
Kuna anayeogesha mtoto.
Kuna anayechaji msumeno, sijui wa nini.
Na pale ghorofa ya tatu, Zinaida,
tusiyesemezana tangu ule ugomvi wa koleo la theluji,
majira kumi na moja ya baridi sasa,
anakaanga vitunguu.

Aliniona. Nikajifanya natazama maziwa.
Akainua mwiko.
Nami, nifanyeje, nikainua kitambaa cha vyombo.

Saa kumi na moja bei inaanza kupanda.
Madirisha yanafumba, moja, jingine, matatu kwa mpigo,
na ua unarudi kuwa ua, mweusi, na theluji yake.

Nimekaa kitandani, mkate nimeupakata kifuani;
si kwa njaa, ni kwa ajili ya vidole.
Paka ameniegemea, hajui hesabu.
Nusu ya mkate nitampelekea Zinaida.
Au robo.
Tuone kwanza bei ya kesho.