Nyeupe ya Kuanzia

Otia alipiga harusi ile kama mtu anayekimbia mvua:
theluji ya Februari dirishani, balbu ya manjano darini,
na kamera, maskini, haikujua imwamini nani.
Akaniletea Kutaisi kadi tatu ndani ya boksi la kiberiti
na neno moja: Rekebisha.

Naanza na mwangaza.
Theluji ya Svaneti kamera huiona kosa,
huishusha hadi iwe jivu.
Naipandisha hatua moja na robo,
milima inapumua.
Lakini mshumaa wa kanisani umeungua katikati,
tundu jeupe lisilo na moto ndani yake,
na hapo hakuna la kuvuta, hakuna la kushusha.
Maji yakimwagika, hata kompyuta haiyazoi.
Giza lina huruma zaidi. Giza ukiliomba hutoa kitu:
bega la mpiga chuniri, mkono wa mtoto unaoiba jibini,
ingawa hutoka na chengachenga
kama mchele uliopepetwa na mtu mwenye hasira.

Kisha mizani ya weupe.
Washairi wana mizani zao, mimi nina hii:
tafuta kitu kimoja unachojua kwa hakika ni cheupe,
kiguse,
na chumba kizima kitajipanga nyuma yake.
Kitu gani, basi? Gauni la Tsiuri ni rangi ya maziwa,
alilichagua hivyo makusudi.
Chumvi imo ndani ya bakuli la buluu.
Ukuta? Nani anaamini ukuta?
Baba yake, Jansugi, amesimama na pembe ya divai,
anacheka, macho wazi, kayaelekeza kwangu.
Nikagusa weupe wa jicho lake.

Chumba kikawa samawati.
Mkate, ndevu, mishumaa, bibi harusi,
wote kama watu waliozama wakiwa wameketi mezani.
Nikadhani nimekosea. Nikarudi, nikagusa jicho la pili.
Samawati ile ile.
Nikagusa kitambaa cha meza,
na kila kitu kikarudi mahali pake,
kitambaa kikawa kitambaa, theluji theluji,
ila macho ya Jansugi
yakabaki kiini cha yai.

Walimzika wiki ya pili ya Aprili. Ini.
Daktari wa Zugdidi alisema, laiti angeletwa wakati wa baridi.
Mezani walikuwa watu mia na arobaini
na hakuna aliyeona,
kwa sababu chini ya balbu ile sote tu wagonjwa
au sote tu wazima.
Usiku huo nilikwenda bafuni, nikavuta kope zangu mbele ya kioo.
Balbu ya bafuni nayo ni ya manjano.
Nikangoja kuche.

Tsiuri alikuwa amepiga simu kabla:
“Baba mpe rangi kidogo ya mashavu.
Mfanye kama alivyokuwa.”
Kama alivyokuwa.
Ninaweza. Ni mduara mdogo juu ya uso,
kuvuta manjano nje, dakika nne, si zaidi.
Nimewahi kuondoa chunusi, jasho,
na mara moja mume wa kwanza.
Mkono ulikaa juu ya kipanya mpaka chai ikapoa,
mpaka mwokaji wa chini akawasha tanuri
na sakafu ikaanza kunipasha nyayo.

Nilipandisha kivuli cha shavu lake, nusu hatua.
Macho sikuyagusa.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu:
“Asante. Sikuwa najua
kitambaa cha mama kilikuwa cheupe hivyo.”