Kiwanja Hiki Hakiuzwi

Ubao niliuandika mimi, rangi nyekundu,
mwaka ule matapeli walipouza kiwanja cha jirani
mara mbili katika juma moja:
KIWANJA HIKI HAKIUZWI.
Nikapigilia misumari, nikarudi nyuma hatua tatu
kuutazama, na sikuona ubao.
Niliona jengo.

Ghorofa saba. Nyumba nne kila ghorofa,
wapangaji ishirini na wanane,
maji ya kisima, duka chini, geti la chuma,
na mimi, tarehe tano ya kila mwezi,
simu ikitetemeka mfukoni kama kifaranga.
Hata rangi ya vigae nilishachagua.
Mama hakujua. Au alijua, akanyamaza.

Alikinunua kwa miaka kumi na mmoja ya zamu za usiku,
kidogo kidogo, akipokea watoto wa watu
na kuwaona wakibebwa kurudi Kayole, Soweto, Matopeni,
vyumbani, futi kumi kwa kumi.
"Wanajifunza kutembea," aliniambia,
"kati ya kitanda na jiko la mafuta.
Hatua nne, halafu ukuta.
Nimewahesabia."

Akaenda ofisi ya ardhi, hati ndani ya bahasha ya kaki.
Karani akauliza: Unauza? La.
Unarithisha? La.
Unagawanya? Sigawanyi. Natoa chote.
Unampa nani, Bi Nyanchama?
"Yeyote atakayepita."
Karani akafungua droo, akafunga droo.
Fomu ya yeyote atakayepita
haikuwamo.

Siku hiyo alirudi na viatu mkononi.
Akaenda tena Jumanne. Akaenda mwezi wa tatu, mwezi wa sita;
kamati ilikaa, kamati haikukaa,
faili likapotea, likaonekana
chini ya birika la chai, na duara la kahawia juu ya jina lake.
Dalali akamfuata hadi mlangoni, koti linang'aa:
"Mama, serikali haipewi kitu, hujichukulia.
Kiache wazi hicho, kesho kitaamka kina msingi."
Nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe mkononi.
Alisema kweli. Tena
alisema maneno yangu.

Ndipo Mama akaandika masharti kwa mkono wake:
Kisijengwe. Kisiwe maegesho.
Kisiwe kanisa, na Mungu atanielewa,
nimempokelea wengi.
Geti lisiwekwe,
maana geti ni swali,
na mtoto hana jibu la kumpa askari.

Sitasema nilifurahi.
Miezi minane sikukanyaga kwake.
Mbele ya wajomba nilisema
kichwa chake kimetangulia kuzeeka.
Hakunijibu. Alituma tu ujumbe mmoja:
Nyasi zimeshika.

Jana nikapita. Mvua imetoka kunyesha,
na udongo wetu mweusi ule
unang'ang'ania kiatu kama mdai.
Hamsini kwa mia. Si bustani ya picha za harusi:
nyasi kwa viraka, benchi moja,
tairi lililopandwa sukuma na mtu asiyejulikana.
Bwana Otuoma, mlinzi wa usiku, amelala juani,
kofia usoni, hakuna anayemwamsha.
Kando yake mtoto, mwaka mmoja hivi,
kaachia kidole cha dada yake,
akaanza.
Nikajikuta nahesabu.
Nne.
Tano.
Ya kumi na saba akaanguka,
akatazama huku na huku akitafuta ukuta wa kulilia,
hakuuona, akainuka.

Ubao wangu bado upo, wekundu umechujuka.
Chini ya maandishi yangu, kwa mwandiko ule
wa kadi za kliniki, mtu ameongeza:
wala hakifungwi.

Nikavua viatu.
Nikakata njia katikati ya ghorofa zangu saba,
nikapita jikoni kwa watu, nikapita ngazi,
nikatokea upande wa pili
na matope hadi vifundoni.