Vikombe Ishirini na Sita

Sheria inasema siku ishirini na moja.
Bahasha ilikuja ya sitini na nne,
nikaipasua kwa ufunguo wa baiskeli
papo hapo, mlangoni mwa posta ya Malindi.

Swali langu lilikuwa dogo:
Waziri alipojifungia hotelini na chama cha wenye chumvi
toka asubuhi hadi adhuhuri,
nani waliketi, na nini kilinenwa
juu ya visima vyetu vilivyokolea munyu?

Nimejibiwa kurasa tisa.
Mistari imevishwa kaniki.
Jina, weusi. Jina, weusi.
"Mheshimiwa akawahakikishia kwamba"
na weusi mpaka ukingoni mwa karatasi.

Aliyefuta alichoka, au alishikwa na njaa,
maana ukurasa wa mwisho aliuacha uchi:
chai ya maziwa, vikombe ishirini na sita;
viazi karai, sahani nne;
maji ya chupa, katoni tatu.

Nikacheka, hata Bi Nyevu wa stempu akashusha miwani.
Maji ya chupa!
Kumbe walijua.
Vinywa ishirini na sita,
na hata kimoja hakikuthubutu kuonja yetu.

Nimeazima kalamu ya dirishani, ile yenye kamba fupi,
naandika nimeinama kama anayerukuu:

Kwa Afisa wa Habari.
Ahsante kwa orodha ya chai.
Sasa naomba risiti ya maji,
na jina la aliyelipa.
Siku nimeanza kuhesabu leo.
Jumwa Kitsao, mchota maji.