Kiatu cha Kushoto

Mheshimiwa Jaji, mrufani ni mimi.
Jina langu hati imelikosea: wameandika Aminieli Kiwelo,
na mtu huyo, popote alipo,
huenda kweli alikimbia.

Mimi Kiwelu nilikuwa Njoro, kwa dada yangu Ndeonasia,
namenya ndizi mshare, vidole vyeusi kwa utomvu.
Hakimu alisema dada si shahidi, dada ni damu.
Haya. Damu tuiache.
Tushike kiatu.

Koplo Machumu aliona mtu akiruka mtaro
nyuma ya maghala ya kahawa, saa mbili usiku,
umeme umekatika, akaamriwa asimame, hakusimama.
Alimtambua kwa kitu gani?
Kwa mgongo.
Imeandikwa, ukurasa wa kumi na moja.
Konstebo mwenzake aliona koti jekundu.
Koplo aliona fulana.
Wote wawili waliona mbio,
na kiatu kimoja kilichobaki kwenye matope,
kikaitwa Kielelezo P1.

Mwaka na miezi minne Karanga
wameniweka kwenye viatu.
Mungu ana utani wake.
Nimeshona soli mpaka gundi ikahamia puani,
na Msangi wa Ugweno, aliyefungwa kwa ng'ombe wa watu,
akanionyesha: kisigino ni sahihi ya mwenyewe,
hata asiyejua kuandika huiweka.

P1 kimeliwa upande wa nje.
Vyangu, tangu shule ya msingi, huliwa ndani;
mama alinigombeza kila Januari,
eti natembea kama bata aliyebebeshwa ndoo.
P1 ni namba arobaini na tatu.
Mimi ni arobaini.
Katika siku zote za kesi
hakuna aliyesema: hebu vaa.

Sisemi askari walidanganya.
Giza humwonyesha mtu anachokitafuta.
Na nikiri jambo lisilomo katika sababu za rufaa:
ningekuwa pale, ningekimbia.
Mtaani kwetu hatuulizi tochi ni ya nani.
Lakini sikuwa pale.

*

Ilichukua dakika tisa.
Wakili wa Jamhuri alisimama, akafunga kitufe cha koti,
akasema Jamhuri haiungi mkono hukumu ile.
Jaji akainama, akaandika, akasoma.
Nililisikia neno moja tu, shaka,
silabi mbili,
na pingu ikatoka.

Nje, mvua ya Aprili imeteremka kutoka Kibosho.
Wauza nyanya wametupia turubai, wanakimbia.
Makarani wanakimbia, mafaili kichwani.
Hata askari wa lango anakimbia,
ameshika kofia yake, anacheka.

Ndeonasia ananiita toka barazani: kimbia, utalowa!

Mimi natembea.
Maji yanaingia kwenye viatu nilivyoshona mwenyewe,
mshono wa kushoto unavuja, nitaurudia.
Natembea,
taratibu,
katikati ya njia,
mikono ikionekana.