Mahali Pasipo Reli

Bwana Ödön ameendesha tramu Budapest
miaka thelathini na minne,
na swali lake la kwanza, kabla hajavua viatu, ni hili:
"Breki iko wapi?"

Hakuna breki. Kuna upepo, na kuna kuuachia.
Legeza demani, tanga lipigepige kama shuka kambani,
chombo kitasimama chenyewe, kwa wakati wake.
"Kwa wakati wake," anarudia,
anatazama saa.

Mashua ilikuwa ya dada yake, marehemu Etelka:
mbao za msonobari, rangi ya kijani iliyobanduka,
buibui wawili chini ya ubao wa kukalia.
Uani kuna kibao, INAUZWA, na namba ya simu.
Lakini mtu hauzi asichokijua, anasema;
dada alikaa humu kila Jumapili, peke yake,
nami sikuwahi kumwuliza alikuwa akienda wapi.

Haya, kaa joshini. Joshini: upande upepo unakotoka.
Shika kana kwa vidole, si kwa ngumi,
hii si pampu ya kisima.
Ukiisukuma kulia, omo inakwenda kushoto.
Ananikatiza. "Kinyume?"
Kinyume.
"Nani aliamua?"

Maji ya Balaton leo yana rangi ya supu ya njegere
iliyozidishwa maziwa.
Upepo unashuka vilima vya Bakony vipande vipande,
kama mtu anayesimulia jambo huku anatafuna.

Namwonyesha mnara wa kanisa, ng'ambo. Tunakwenda kule.
"Basi twende moja kwa moja."
Hatuwezi. Upepo unatoka kule kule.
Anayeufuata upepo kwao hana njia iliyonyooka:
anabisha. Kidogo huku, anageuka,
kidogo kule, anageuka,
anabisha tena, mpaka upepo wenyewe uchoshwe na ubishi.
"Mke wangu," anasema, "angekuwa nahodha."

Mguu wake wa kulia unagonga sakafu.
Bata wakikatiza mbele, ko.
Wavulana wawili na mtumbwi wao wa plastiki, ko, ko.
Inanichukua muda kuelewa: anaitafuta kengele.

Kisha likaja pigo. Nilisema legeza, yeye akavuta
(mkono wa dereva umefunzwa kushika)
na dunia ikalala ubavu:
kofia yake, mikate yetu ya vitunguu saumu, mimi, yeye,
sote majini, naye analiita jina la Mungu
na jina la Etelka, akiyapiga maji kwa mikono miwili.

"Simama, Bwana Ödön."
"Ninazama!"
"Simama."

Akasimama. Maji yalimfika kitovuni.

Upande huu wa kusini ziwa ndivyo lilivyo,
unaweza kutembea robo saa usiloweshe ndevu.
Sikumwambia. Mwalimu wangu naye hakuniambia.
Alisimama pale, matope kati ya vidole,
mashua imelala kando yake kama ng'ombe,
akacheka, kisha hakuwa anacheka, kisha akacheka tena.
Mimi nikajishughulisha na kamba.

Tuliiinua. Tukakumba maji kwa kopo la rangi.
Mara ya nne alibisha bila kuambiwa:
akainamisha kichwa, mti wa tanga ukapita
juu ya nywele zake chache,
tanga likajaa upande wa pili, na kwa muda
hakuna aliyesema kitu. Maji tu chini ya mbao,
kama mtu asomaye barua kwa midomo.
Mguu ulikuwa umetulia.

Ufukoni taa ya tahadhari ikaanza kupepesa,
dhoruba ilikuwa njiani. Turudi, nikasema.
Aliutazama mnara wa kanisa, bado mbali,
sasa uko kushoto, ulikuwa kulia.
"Kituo hiki," alisema, "abiria wake wangeniandikia barua."

Getini alikamua soksi, akakitazama kibao.
"Binti Csenge,
unaonaje, bei niliyoweka si ndogo?"