Hatua Kumi na Tisa

Nimezihesabu. Kutoka kona ya ukuta wangu
mpaka jiko la nje la kina Ntabaliba
ni hatua kumi na tisa za mtu mzima,
ishirini na sita za mtoto mwenye begi.
Kijia tu, udongo mwekundu wa Mwanga,
kinateremka hadi lami, huko magari yanakoheshimiwa.

Mvua za mwaka juzi zilikichora mfereji wa kidole.
Mwaka jana, wa kiganja.
Mwaka huu mwanangu Kiza aliingia hadi magotini
akatoka na ndala moja.

Nikaandika barua. Barua naziweza:
Yah: Kubomoka kwa njia ya waendao kwa miguu.
Mtendaji wa mtaa akaigonga muhuri, akaisoma baadaye.
"Hii haina namba, ndugu yangu. Haimo kwenye ramani."
Sasa mbona tumo sisi, kila asubuhi?
Akacheka kwa adabu.
Naye hupita hapo hapo, amepandisha suruali.

Nyabenda akasema yeye mpangaji,
mwenye nyumba yuko Kasulu.
Fundi Ruhwaza akasema cha wote hutunzwa na wote,
akaingia ndani, akakomea.
Mimi nikasema nalipa kodi ya jengo.
Tulisema vizuri sana siku ile.
Shimo likasikiliza.

Jumanne Bi Bukuru akateleza hatua ya kumi na moja,
galoni la mawese kichwani.
Mawese yakatangulia kushuka,
mazito, bila haraka,
kama mgeni aliyeelekezwa njia vizuri.
Hakulia. Alikaa pale pale chini,
akaniomba upawa,
akachota ya juu juu, yasiyogusa mchanga.
Nikampa upawa.
Nikabaki na mkono wangu, sina pa kuuweka.

Usiku ikanyesha. Nikatoka na tochi
nimjue mharibifu,
nikayafuata maji kwa kupanda,
kama mtu anavyofuata nyayo za mwizi wa mbuzi:
kumi na moja,
saba,
mbili,
kona ya ukuta. Wangu.
Mlizamu wa bati langu, niliouelekeza mwenyewe nje
mwaka ule nilipoogopea msingi usilowe.
Ulikuwa unatapika pale kwa nguvu zote.
Nikaumulika. Sikuwa na barua ya kuuandikia.

Jumamosi nikageuza mlizamu, nikachimba karo uani.
Nikabeba mawe ya kule bondeni, toroli tisa,
mgongo ukanitukana kwa Kiha.
Nyabenda akatoka na kikombe cha chai.
"Umepata tenda?"
Sikumjibu. Akanywa, akatazama,
halafu akakanyaga jiwe la tano.
"Hili linacheza," akasema,
akaweka kikombe juu ya ukuta.

Bi Bukuru nimemlipa nusu.
Nusu iliyobaki hanidai kwa mdomo;
hunisalimia mara mbili.

Mawe yamefika jikoni kwa kina Ntabaliba, yakaishia hapo.
Mbele kijia kinaendelea, kimepasuka vile vile,
na bati la kule juu lina mlizamu wake.
Hatua ya ishirini si yangu.
Jioni hukaa kibarazani nikaitazama.
Toroli sijalirudisha.